Siku Saba za Plasta

Jumatatu, 3 Septemba

Mama mkwe, shikamoo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hazishiki. Mnara wa mlimani umeharibika. Barua anakuletea Miwani, yule dereva wa lori la maziwa. Ukijibu mpe yeye, anapanda huku kila asubuhi na kushuka mchana.

Mimi si mtu wa kalamu, unanijua. Darasa la nne niliishia. Mwiko ndio naushika vizuri. Kwa hiyo nasema tu yaliyopo.

Chumba cha Chiriku kimebaki plasta. Matofali yamepanda, bati limekaa, mlango nimeufunga jana, una kitasa na ufunguo. Saruji ipo, mchanga nimechekecha mwenyewe. Kesho naanza kupiga ukuta. Plasta inataka siku saba za kumwagiliwa maji, asubuhi na jioni. Ukiinyima maji inapasuka. Jumatatu ijayo itakuwa imeiva, na shule inafunguliwa Jumatatu inayofuata. Sharti lako litakuwa limetimia.

Huku ni kukavu. Kuna ukungu kidogo.

Msalimie mwanangu. Muulize anataka ukuta wake rangi gani.

Mkwe wako.


Jumanne, 4 Septemba

Marahaba, Baba Chiriku.

Barua nimeipata. Miwani kaileta mpaka kwenye cherehani yangu, akaomba maji ya kunywa, akakaa saa nzima, na unajua mdomo wake hauna pazia. Anasema mnara haukuharibika, umeungua. Anasema huo ukungu wako unanuka misonobari na unamkohoza njia nzima. Mkwe, nimeshona sare za watoto wa shule miaka thelathini. Mtoto akitaka kunidanganya namjua kabla hajafungua mdomo. Huo moto uko wapi?

Chiriku yuko salama. Anakula, ananenepa, anaongea kutwa kama jina lake. Rangi nimemuuliza, anasema yoyote.

Sharti nakukumbusha, kwa sababu wanaume mnasikia nusu. Tulisema mbele ya watu, wiki ile tuliyomzika mwanangu. Chumba chake peke yake, mlango wa kufungwa, na ukuta wa plasta usio na ufa hata wa kupitisha uzi. Nyufa za nyumba yako ziliingiza baridi na vumbi miaka kumi, zikamaliza kifua cha mwanangu. Sitatoa wa pili. Muhula ukifunguliwa na chumba hakiko hivyo, mtoto atasoma hapa, na tusiulizane tena.

Nijibu, na safari hii nijibu ukweli.

Bibi yake Chiriku.


Alhamisi, 6 Septemba

Shikamoo mama.

Ukweli ndio huu. Moto uko vilima viwili kutoka hapa, ndani ya msitu wa misonobari. Una wiki sasa. Sikutaka kukutia hofu. Hapana, ngoja niseme vizuri. Sikutaka upate sababu.

Nyasi nimefyeka hatua ishirini kuzunguka nyumba, nikapalilia mpaka udongo ukaonekana. Kuni nimezihamishia mbali. Majani makavu juu ya bati nimeyafagia, nusura nianguke, goti hili si la jana. Mtungi wa gesi nimeufukia shambani. Mapazia nimeyashusha. Kuna magunia kumi ya kulowesha, cheche ikidondoka unaipiga nayo. Vyeti vya Chiriku na picha ya mama yake nimevitia kwenye debe lenye mfuniko, liko mlangoni.

Plasta nilimaliza Jumanne. Imenyooka, ukiweka ubao mwanga haupiti. Asubuhi na jioni naimwagilia kwa kopo, taratibu, kutoka juu. Majirani wanakuja kusimama uani wanicheke. Fundi viatu, huyu wa nyumba ya chini mwenye mguu mbovu, kaniuliza ukuta utaota lini, anataka mbegu. Nikamwambia ashone viatu. Banda lake limejaa viatu vya kijiji kizima, watu wanashonesha ili wakikimbia wasikimbie peku.

Tatizo maji. Bomba la chemchemi ni la plastiki, moto umeliyeyusha kule juu. Tangi langu lina kama lita mia nane, ndiyo basi. Ukuta unakunywa ndoo nne kwa siku. Yatatosha.

Mkwe wako.


Ijumaa, 7 Septemba

Baba Chiriku,

Maji ya kuokolea nyumba unamwagia ukuta? Mwanangu alikuwa akisema kichwa chako umekijaza zege, nikidhani anakutania.

Acha hiyo nyumba. Kesho panda lori la Miwani ushuke huku, godoro lipo. Nyumba ikibaki, vizuri. Ikiungua, mtoto yuko hapa, ana shule, ana kitanda, hatapungukiwa kitu. Sisemi kwa ubaya, nasema kama mtu mzima. Na hilo la kusema natafuta sababu nimelisikia. Mimi nikitaka kitu sihitaji sababu.

Chiriku sijamwambia habari za moto, na wewe usimwandikie.

Mama mkwe wako.


Jumamosi, 8 Septemba

Mama mkwe,

Umeandika "ikiungua, mtoto yuko hapa". Nimesoma hapo mara tatu. Sishuki.

Leo asubuhi alikuja msimamizi wa msitu. Watu wake wanachimba kinga, ni njia pana ya udongo mtupu, kutoka barabarani mpaka korongoni, ili moto ukifika ukose cha kula. Mabomba ya kubeba mgongoni wanayo, maji hawana. Wanapita nyumba kwa nyumba, kila mwenye tangi katoa. Akagonga langu kwa ngumi, akasikia lina kitu. Nikamwambia lina mwenyewe. Akaniuliza tangu lini kibarua akawa bwana mkubwa. Nikasema siku saba zikiisha aje achukue yote. Akautazama ukuta unachuruzika maji, akanitazama mimi, akatema mate akaondoka.

Leo siku ya tano. Hakuna ufa, hata wa unywele.

Mkwe wako.


Jumapili, 9 Septemba

Mama,

Naandika haraka, Miwani anapakia na injini hajazima. Anasema hii ndiyo safari ya mwisho, wanafunga barabara.

Jana saa kumi jioni upepo uligeuka. Cheche zikaruka kinga, moja ikaangukia banda la fundi viatu. Watu wa msimamizi waliwahi kufika. Kumi, kila mmoja na bomba mgongoni, matupu yote. Walikuwa wanapiga moto kwa matawi. Mimi nilikuwa uani na kopo mkononi namwagilia. Nikasikia anaita. Nikakimbia na ndoo mbili. Ndoo mbili zifanye nini. Banda limekwisha. Yeye tumemtoa kwa kumburuta, mkono umeungua mpaka kiwiko, na ndio mkono wa sindano. Viatu vyote vya watu vimekwenda, harufu yake bado iko kooni.

Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema.

Wakati wanamfunga mkono kanitazama akasema, "Jirani, ukuta wako unaendeleaje?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza.

Leo kulipokucha nilimfuata msimamizi mwenyewe. Tangi lote wamechukua, mpira nimewashikia mimi. Nimebakiza jagi moja la kunywa. Sasa naenda nao kwenye kinga. Koleo naijua.

Ukuta ulikuwa umebakiza siku mbili, na huu upepo unatoka kama tanurini. Utapasuka, nakuambia mapema. Sharti nimelivunja kwa mkono wangu. Mtoto abaki kwako. Ila usimwambie nilimkataa. Mwambie maji hayakutosha.

Baba yake.


Jumatatu, 10 Septemba

Mkwe,

Lori halijaja leo. Nimekaa barabarani mpaka muuza mkaa akaniuliza nimepoteza nini. Barua yako ya jana ninayo kwenye mfuko wa aproni. Leo nimeshona shati la sare lenye mikono miwili ya kushoto, na mteja akalichukua hivyo hivyo akalipa, maana alikwishasikia habari za huko.

Fundi viatu anaendeleaje? Nyie mko wapi? Niandikie hata neno moja. Hata matusi.

Barua hii anakaa nayo Miwani. Anasema wakifungua kizuizi atakuwa wa kwanza kupita.

Mama mkwe wako.


Jumatano, 12 Septemba

Mkwe wangu,

Redio imesema moto umeingia kwenye nyumba za watu. Haikusema nyumba za nani. Nasema haya leo kwa sababu huenda naongea na mtu ambaye hayupo, na kwa mtu wa namna hiyo kusema ni rahisi.

Mwanangu alikuwa na kifua kibovu tangu ana miaka saba. Daktari alinitoa nje akaniambia, mama, huyu akifika miaka thelathini umshukuru Mungu. Sikumwambia yeye, sikumwambia mtu. Ulipokuja kuposa nilinyamaza, nikiogopa utageuza njia, na yeye alikuwa amekupenda mpaka hali chakula. Nyumba yako haikumuua. Nilikuona ukiziba nyufa kwa magazeti na uji wa unga. Nilikuona ukihamisha kitanda chake kutoka ukuta huu kwenda ule. Halafu siku ya matanga nikasimama mbele ya watu nikasema ni nyufa. Nilitaka wa kumtupia, na wewe ulikuwa karibu, umenyamaza, huna ndugu wa kukusemea.

Sharti la ukuta usio na ufa niliweka nikijua ukuta huo haupo duniani. Nilitaka ushindwe. Nilitaka nibaki na kitu cha mwanangu ndani ya nyumba.

Na Chiriku haongei. Huo nao ulikuwa uongo. Mwaka na miezi miwili anasema ndiyo, hapana, asante bibi. Saa tisa, lori la maziwa linapokaribia, anachukua mkoba wake wa nguo anakaa kizingitini na viatu miguuni. Lori likipita anavua viatu, anarudi ndani kuniokotea vipande vya uzi. Nilikuwa nikimwambia lile lori halipakii watu. Tangu juzi lori halipiti, na bado anakaa.

Kama upo, nisamehe. Kama hupo, pia nisamehe.

Mama yake.


Alhamisi, 13 Septemba

Baba Chiriku,

Miwani ameongea na watu kwenye kizuizi, wanasema wengi mko hai na wewe umeonekana umekaa juu ya jiwe unakula muhogo. Mungu mkubwa.

Barua ya jana, kama hujaifungua, usiifungue. Mrudishie Miwani. Niliandika nikiwa na homa.

Mama mkwe wako.


Jumamosi, 15 Septemba

Mama mkwe, shikamoo.

Barabara imefunguliwa. Barua zako tatu Miwani kanipa kwa pamoja. Ya Alhamisi ilikuwa juu. Nikaisoma, nikaitafuta ya Jumatano.

Nipo mzima. Nyusi sina. Moto ulifika kwenye kinga Jumatatu mchana ukatukalia siku mbili. Tuliupiga kwa maji mpaka yakaisha, kisha kwa udongo. Upande wa korongoni ulitushinda, nyumba nne zimekwenda, watu hawajafa. Yangu ipo. Jiko la nje na choo vimeungua, bati limekuwa jeusi kama sufuria. Maji ya tangi langu yalikwenda upande wa kwa fundi viatu, nyumba yake ya kulala imepona.

Ukuta umepasuka. Ufa mmoja unatoka dirishani mpaka chini. Nimejaribu uzi, unapita. Nyufa ndogo sijazihesabu. Na usiniletee ile methali ya ufa na ukuta, kijiji kizima wameshaniambia, na wanadhani kila mmoja ndiye wa kwanza.

Sasa ya Jumatano.

Mama, yeye alijua. Alikusikia wewe na daktari, alikuwa nyuma ya mlango. Aliniambia kabla sijaleta posa. Akasema, "Nikuambie ili ukitaka kuondoka uondoke sasa, ila mama usimwambie kama najua, anajitahidi sana kunificha." Sikuondoka. Na siku ile uliposema ni nyufa, watu wote wakanigeukia, nilinyamaza kwa sababu nilimuahidi.

Lakini nilikuamini pia. Kifua kibovu ndani ya nyumba nzuri kingedumu zaidi, ndivyo nilivyowaza. Tangu afe nilikuwa napitisha mkono kwenye ule ukuta wa zamani natafuta ufa upi ndio uliommaliza. Najua kila ufa ulipo, hata gizani. Hilo la miaka thelathini hakuniambia, labda hakulisikia. Yeye alikufa na thelathini na mbili. Basi miwili aliipatia humu ndani.

Nina hasira na wewe. Nimebeba mizigo maisha yangu yote, na kila mzigo mtu aliniambia una kilo ngapi kabla sijauinua. Huu hukuniambia. Hasira itapoa, najijua, ila leo haijapoa na sitajifanya.

Mtoto namtaka. Siombi kwa sharti tena, sharti limekufa. Chumba kina ufa, nitaukwangua niuzibe, na utatoka mwingine, nitauziba na huo. Shule ya huku wamelala waliounguliwa, itachelewa wiki moja, kwa hiyo hatapitwa. Miwani nimemwambia asimame mlangoni kwako kesho asubuhi. Akitaka kupanda, mwache apande. Asipotaka, usimsukume, na uniandikie hivyo hivyo bila kunizungushia maneno.

Mimi mchana sipo nyumbani. Najenga banda la fundi viatu, nimemaliza msingi. Leo amenifokea kwamba nachanganya saruji kidogo, nikajua anapona. Miwani amlete pale.

Mkwe wako.


Jumapili, 16 Septemba, asubuhi

Baba Chiriku,

Barua yako ilifika jana saa tisa. Nilimsomea Chiriku mwenyewe ile sehemu inayomhusu, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Aliniuliza kama nyusi huota tena. Nikasema huota. Akauliza choo kikiungua watu wanaenda wapi. Kisha akauliza lile lori lina viti vingapi, na Miwani anaruhusu mtu kukaa dirishani, na fundi viatu anaitwaje, na kama mtu anaweza kujifunza kushona kwa mkono wa kushoto. Hakunyamaza mpaka usingizi ulipomkata katikati ya neno. Asubuhi hii aliendelea alipoishia. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti yake ni ya mama yake.

Kumbe mwanangu alikuwa nyuma ya mlango. Nimekaa na hilo tangu jana. Miaka ishirini na mitano nilimficha na yeye ananificha, tukilishana uji asubuhi kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Anakuja na sare mbili, na viatu vipya vikubwa kidogo, atavijaza. Akikohoa, hata mara moja, hata kwa vumbi, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na akikuambia lolote, baya au zuri, niambie nami.

Miwani anapiga honi. Mtoto ameshapanda na hajageuka kuniangalia, anamwonyesha Miwani jinsi ya kufunga mlango wa lori lake mwenyewe.

Sikupanda naye. Umesema hasira haijapoa, na mimi si mgeni wa kuingia kwenye nyumba yenye moto. Siku utakayotaka nije, mpe Miwani barua. Saa tisa nitakuwa kizingitini.

Mama mkwe wako.